Mwanangu, tuuze IST, Prado ibaki

Mwanangu kipenzi,

Salamu nyingi. Sisi tu wazima, mdogo wako anakusalimu, na baba yako anauliza lini unafunga chuo.

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Unataka tuuze magari yetu yote mawili ya mafuta, IST na Prado, tuhamie kwenye magari ya umeme moja kwa moja. Nimekaa siku nne bila kujibu kwa sababu jambo lenyewe ni zito, na nyumba hii ni yako pia.

Kwa IST umenishinda. Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri naiwasha chini ya dirisha la mdogo wako. Wiki iliyopita nilisahau mkoba, nikarudi ndani gari likiwa linaunguruma. Nikamsikia anakohoa usingizini, harufu ya moshi imejaa chumbani, mkono wake unapapasa chini ya mto kutafuta pampu ya pumu. Miaka yote nilikuwa nalaumu vumbi la Goba, mtaa wetu huu wa Dar.

Hesabu nazo ziko upande wako. Goba hadi Posta na kurudi, ukiongeza soko na shule, sizidi kilomita 60 kwa siku. Uniti moja ya umeme wa Luku, yaani kilowati-saa moja, inatugharimu kama shilingi 356. Gari dogo la umeme hula uniti 16 hivi kwa kilomita 100, haifiki shilingi 6,000. IST kwenye foleni ya Mwenge inakunywa lita nane kwa umbali huohuo, na lita moja ya petroli imekuwa ikicheza kwenye elfu tatu. Tena la umeme likiwa kwenye foleni halichomi kitu zaidi ya kiyoyozi, na ukipunguza mwendo mota inageuka jenereta na kurudisha chaji kidogo.

Baba yako aliogopa umeme kukatika. Nikamkumbusha mgao wa mwishoni mwa 2023, tulivyokuwa tunaamka usiku wa manane kupiga pasi. Mtambo wa kwanza wa kufua umeme kwenye Bwawa la Nyerere uliwashwa Februari 2024, na mitambo yote ni tisa, megawati 235 kila mmoja. Kukatika kupo bado, lakini mgao wa namna ile sijauona tena. Kwa safari zangu, usiku mmoja wa giza haunizuii kwenda kazini.

Juzi nilikwenda yadi ya magari kuangalia moja la umeme, limetoka Japani, linang'aa. Muuzaji akafuta vioo, akanisifia viti. Nikawasha, nikaangalia vile vipande vidogo vya kuonyesha afya ya betri pembeni ya dashibodi. Likiwa jipya huwa 12. Nikahesabu tisa. Akaniambia ni kawaida. Mwanangu, hapo zaidi ya robo ya betri imeshakwenda, na betri zile zinazopozwa kwa hewa tu huchakaa haraka kwenye joto. Joto la Dar unalijua. Sikutoa hata shilingi.

Sasa Prado. Unakumbuka usiku bibi yako alipoanguka? Simu iliingia saa tano. Saa tano na nusu tuko barabarani, tukajaza mafuta Msata kwa dakika tano, alfajiri tunapandisha kutoka Mombo, zile kona za Soni, baba yako ameshika usukani kwa mikono miwili hasemi neno. Tulimkuta bado anatutambua. Akaniita jina langu la utotoni.

Hadi Lushoto kwa bibi yako ni zaidi ya kilomita 350. Gari la umeme tunaloweza kulimudu lingetuishia kabla ya Segera. Njia nzima ile sijawahi kuona mahali pa kuchajia gari, na kwenye soketi ya kawaida ya ukutani betri ya uniti 40 hujaa kwa saa 15 na zaidi. Utasema tukodi. Nani atanikodisha gari saa tano usiku? Siku nitakapoona vituo vya kuchaji haraka Chalinze, Segera na Mombo, vinafanya kazi usiku, Prado nitaiuza mwenyewe. Kwa leo, na bibi yako ana umri ule, siwezi.

Kwa hiyo IST iende. Njoo likizo na kile kifaa chako cha kusoma betri kwa simu, tuzunguke yadi pamoja, chini ya vipande 11 tusisimame. Fundi umeme anakuja Jumanne kuvuta waya wa peke yake wa kuchajia gari kutoka kwenye meinsiwichi, wenye athi (waya wa ardhini) nzuri, maana soketi ya jikoni ikibeba birika tu inapata moto.

Mdogo wako ameuliza mahali pa kuchajia patakuwa wapi. Nimemwambia palepale, chini ya dirisha lake.

Mama yako