Kwa wajukuu mnaoanza kidato cha kwanza: msilitupe neno "kiini"

Wajukuu zangu,

Marahaba, kwa wote mlioniamkia moyoni. Nimefundisha biolojia hadi chaki ikanikausha vidole, na kila Januari niliona jambo lile lile. Mtoto ametoka shule ya msingi anakijua kiini cha seli, anafika sekondari analitupa neno hilo na kukariri nucleus. Ukimwuliza maana yake, anakutazama kama umemdai deni.

Mwaka 1831 Mskoti Robert Brown alikuwa akichungulia seli za okidi kwa hadubini, akaona ndani yake kidoa cha duara. Kuna waliokwisha kukiona kabla yake, lakini jina lililoshika ni alilolitumia yeye: nucleus. Hicho ni Kilatini, kutoka nux, yaani kokwa. Pasua kokwa la embe: ile mbegu iliyolala ndani ndiyo nucleus ya Warumi. Bibi zenu wanaiitaje? Kiini! Nao hawakusoma Kilatini.

Hata yukarioti na prokarioti, majina yanayowatisha, yamebeba karyon ya Kigiriki, ambayo ni kokwa hilo hilo. Yukarioti ana kiini cha kweli. Prokarioti, kama bakteria, ni wa kabla ya kiini. Mengine mwalimu atawaambia.

Ila msinisingizie kwamba kila kiini ni nucleus. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwenye mtihani kuwa nucleus ya yai la kuku ni ya manjano. Nilicheka, nikampa sifuri, na sifuri ile naijutia hadi leo, maana sikuwahi kuwaeleza kuwa neno letu hili lina kazi mbili. Kiini cha yai ni akiba ya chakula cha kifaranga. Kiini cha seli, chenye vinasaba, ni kidogo mno, kimo katika kile kidoa cheupe kilichokaa juu ya ule umanjano.

Basi neno geni likija, liulizeni lilikuwa likifanya kazi gani kabla wanasayansi hawajaliajiri. Seli ilikuwa cella, kijichumba cha kuwekea akiba. Msuli nao kwa Kilatini ni musculus, yaani kipanya. Kwa nini kipanya? Vueni shati, kunjeni mkono, mkunjue, mkunje tena, mkiangalia kinachokimbia chini ya ngozi.

Babu yenu, mwalimu mstaafu