Barua kwa kaka wa Kibaigwa, kuhusu ile kompyuta ya duka

Mbukwenyi kaka,

Habari za Kibaigwa, shem na watoto hawajambo? Sisi huku Dodoma wazima, jua na vumbi kama unavyotujua. Meseji yako nimeipata, unasema umenunua flashi ya GB 64 na kila jioni unakopi yale mafaili ya Excel ya madeni ya wakulima, aisee nimefurahi sana maana wengi hata hilo hawafanyi. Ila nimeona nikuandikie kwa kirefu badala ya kukurushia voisi, kwa sababu kuna kazi ambayo flashi haiwezi kukufanyia na nataka uijue kabla watu hawajaanza kupanga foleni ya mbegu hapo dukani kwako.

Hiyo flashi imebeba mafaili tu. Siku hard disk ikigoma, yani ile diski ya ndani inayobeba kila kitu cha kompyuta, na hizi za kuzunguka zinaweza kufa ghafla hata jana yake ilikuwa nzima, fundi atakuwekea nyingine atapiga window upya, hapo sasa ndo shughuli inaanza, programu ya stoo hujui ilitoka wapi, kijana aliyekuwekea kahama mji na namba haipatikani, namba ya leseni hamna aliyeiandika, driva ya printa ya risiti, yani ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, nayo mpaka uitafute. Nina mteja hapa Majengo ana duka la dawa, mafaili yake yote yalikuwepo kwenye flashi hamna hata moja lililopotea, lakini alikaa siku kadhaa anaandika mauzo kwenye daftari kwa sababu programu ya kuyafungua ndo haipo, na wateja wanasubiri dirishani wakati yeye anajaribu kukumbuka bei kichwani. Iliniuma sana, ndo maana nakusumbua wewe mapema.

Kinachotakiwa ni kukloni diski. Yani unachukua diski ya pili, unahamishia kila kitu kilichopo kwenye ya kwanza, window yenyewe, programu, driva, paswedi, mpangilio wa printa, hadi ile sehemu ndogo iliyojificha ambayo kompyuta inaitumia kuwakia. Ya kwanza ikifa unafungua kompyuta, unatoa mbovu, unachomeka hii, unawasha, unauza. Nusu saa na bisibisi. Na kwa kuwa kompyuta ni ileile, window haitakusumbua na mambo ya leseni, maana leseni yake ya kidijitali imefungwa na ubao wa kompyuta sio diski.

Programu ninayotumia mimi ni Clonezilla, ya bure kabisa, unaiweka kwenye flashi yake peke yake na kompyuta inawakia kutoka hapo, window inakuwa imelala. Haina urembo, ni maandishi tu, lakini inafanya kazi na haihitaji bando. Kitu cha kuwa makini nacho kuliko vyote ni pale inapouliza diski ipi ni chanzo na ipi ni ya kupokea, zinatokea kwa majina kama sda na sdb, pembeni kuna ukubwa na jina la kampuni iliyoitengeneza. Ya kupokea itafutwa yote! Ukizigeuza umefuta duka lako. Kwahiyo chomoa eksteno (diski za nje) na flashi zingine zote zisizohusika, soma ukubwa, soma jina la kampuni, soma tena, ndo ubonyeze y. Itakuuliza mara mbili na mi naona ni haki yake kabisa.

Diski ya kupokea iwe sawa na ya zamani au kubwa zaidi. Hapa watu wanakwama sana, diski yake ni GB 500 afu ananunua SSD, ile diski isiyozunguka, ya GB 480 kwa sababu ni nafuu, Clonezilla inakataa. Chukua 512 au TB 1 ulale. Kabla hujaanza zima kompyuta huku umeshikilia Shift, ili window izime kweli isijifanye imezima. Na kama BitLocker, ile kufuli ya window inayofunga diski, imewashwa izime kwanza usubiri imalize kufungua diski yote, na ule ufunguo wa tarakimu 48 uandike kwenye karatasi. Muda unategemea umejaza kiasi gani, maana inakopi sehemu zenye vitu tu, GB 120 kwa waya wa USB 2 ni kama saa moja na kitu. Umeme ukikatika katikati diski ya zamani haidhuriki maana inasomwa tu, unaanza upya.

Ikimaliza usiwashe window na diski zote mbili zikiwa zimechomekwa, zina utambulisho mmoja na window itaizima mojawapo. Zima, toa ya zamani, weka mpya, washa, fungua programu ya stoo, toa risiti moja. Kloni ambayo haijawahi kuwashwa mi siihesabu kabisa. Afu ile ya akiba isikae dukani, ipeleke nyumbani, mwizi akiingia au moto ukitokea zisiondoke zote.

Flashi ya kila jioni usiache lakini, kwa sababu kloni inabaki na hali ya siku ile ulipoifanya, mauzo ya juzi hayamo, na TRA wanataka kumbukumbu za biashara zitunzwe angalau miaka 5. Kloni rudia kila mwisho wa mwezi, na skani virusi kwanza maana navyo vinahama vilevile.

Sasa naomba unisaidie kitu kimoja, washa kompyuta, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya Performance afu ubofye diski, piga picha ya skrini nzima unitumie. Nikishaona ukubwa na aina yake nitakutafutia diski hapa mjini niikabidhi kwa konda wa basi la Morogoro, uipokee hapo stendi kwenu, na tukishaweka miadi nitakuelekeza kwa simu mpaka risiti itoke. Jumapili mchana ukishafunga duka unaonaje?

Wako,
fundi wa Majengo