Ni kweli, lakini...

Mhariri,

Ile habari yenu ya mrundiko wa kesi kortini niliisoma mpaka mwisho nikingoja mtaje ile siku ya kwanza, ya kusomewa mashtaka, wapi. Miaka yote nawasoma kimya lakini hii imenikwama kooni.

Mtoto wa kaka yangu ni wa bodaboda hapa Malindi. Alishikwa Ijumaa jioni, kagombana na abiria juu ya nauli ya shilingi 50. Katiba inasema ufikishwe kortini ndani ya masaa 24, ila yakiishia wikendi basi unangojea siku ya korti inayofuata, na polisi wanaoshika watu wanalijua hilo kuliko mawakili, ndio maana Ijumaa jioni bidii huwapanda. Jumatatu akapandishwa kizimbani, korti gani sisemi, yeye na wengine kumi na kitu wamepangwa kama fungu la samaki. Mashtaka yakasomwa Kizungu, karani akatafsiri mbio mbio kama makanga anayeita abiria, ati ulimshambulia mtu ukamuumiza, kweli ama si kweli? Kijana akasema "ni kweli nilimsukuma lakini yeye ndio alinikaba koo niko juu ya pikipiki", basi pale kwenye "ni kweli" kalamu ishaandika amekiri, ile lakini yake ikabaki kuning'inia hewani, na mimi huku nyuma nishasimama askari ananiambia mama kaa chini. Kosa lenyewe linaweza kukupa hadi miaka 5 na yeye anaulizwa kama anaulizwa chai ya sukari ama kavu! Kando yake mzee wa Kigiriama hata hicho Kiswahili cha karani hakukiskia, naye pia akaitikia tu, na mkalimani ni haki yake bila malipo.

Wakili jirani yangu ndio aliniambia baadae, tangu 1973 katika kesi ya Adan, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilishasema mshtakiwa aelezwe kwa lugha anayoielewa, maneno yake yaandikwe, asomewe yaliyotokea, na akibisha jambo la maana iandikwe amekana. Yaani lakini ina nafasi yake kisheria! Sisi tushalipa faini elfu 20, mbuzi wawili wameenda.

Na ile pikipiki jamani. Iko kituoni mpaka leo, nje, chumvi ya bahari inaila, ukiuliza ati faili haijarudi. Kijana sahi anaendesha ya mtu kwa hesabu ya kila siku.

Mimi semina sitaki wala kamati. Kwa kuwa kule ndani haturuhusiwi kusema, wamama wa Malindi tuchapishe leso, tukae nazo benchi la mbele kila Jumatatu, jina liwe kubwa hakimu alisome bila miwani: LAKINI YANGU IANDIKWE. Rangi nyekundu na nyeupe. Doti ya kwanza nalipa mimi, mbuzi mmoja bado ninaye.

Shangazi mtu,
Malindi