Msiombe CD za wagonjwa kujaribia programu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie wanafunzi na mafundi wanaotengeneza programu za kujenga umbo la pande tatu kutokana na skani za CT na MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa hospitalini kipande kwa kipande. Tafadhali msiombe CD za wagonjwa zenye skani hizo, hata majina yakifutwa. Programu ikifanya kazi vizuri, skani ya kichwa hutoa uso mzima, pua na masikio yakiwemo, na anayemfahamu mhusika anaweza kumtambua. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Data za wazi zipo. Anzeni na kichwa cha maiti kilichopigwa CT, kinachotolewa na Chuo Kikuu cha Stanford: vipande 113, kila kimoja pikseli 256 kwa 256, kila pikseli baiti 2. Jumla yake ni baiti 14,811,136. Hakikisheni hesabu hiyo kabla ya kulaumu programu, maana upakuaji ukikatikia njiani namba haitatimia. Wengi hukwama hapa kwa sababu, kati ya baiti mbili za kila pikseli, ile yenye uzito mkubwa ndiyo inayotangulia, ilhali kompyuta zetu nyingi husoma yenye uzito mdogo kwanza. Zisipogeuzwa mtaona chengachenga tupu. Vilevile umbali kati ya vipande ni mara mbili ya upana wa pikseli. Ukisahaulika, kichwa hutoka kimebonyea, nusu ya kimo chake.

Wanaotaka faili za DICOM, muundo wa kawaida wa picha za tiba, kama zinavyotoka kwenye mashine waende The Cancer Imaging Archive, hifadhi ya wazi ya picha za saratani mtandaoni, ambako utambulisho wa wagonjwa umeondolewa. Msipange vipande kwa majina ya faili. Pangeni kwa mahali pa kipande mwilini, panapoandikwa ndani ya faili chini ya lebo (0020,0032). Kisha, kwa CT, zidisheni thamani ya kila pikseli kwa namba iliyo chini ya lebo (0028,1053) na kujumlisha nyongeza iliyo chini ya (0028,1052), ili maji yawe 0 na hewa -1000. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Nyongeza ikiwa -1024 nanyi mkairuka, kizingiti cha 300, yaani thamani ya chini ya kuchorwa, mlichokusudia kwa mfupa kitawaletea ngozi. Baadhi ya faili zimebanwa kwa JPEG, na kisomaji cha kujitungia hakitazifungua.

Kwa mwili mzima kuna Visible Human, mkusanyo wa picha za maiti mbili wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani: ya mwanamume iliyotolewa 1994 na ya mwanamke iliyotolewa 1995. Tangu 2019 haihitaji leseni.

Ila data ya mwanamume peke yake ni takriban gigabaiti 15, mzigo usiobebeka kwa bando la mwanafunzi. Wakuu wa idara za kompyuta vyuoni, ipakueni mara moja, muiweke kwenye seva ya chuo, na kando yake faili ya maandishi yenye vipimo, mpangilio wa baiti na umbali wa vipande.

Mtengenezaji wa programu za picha za tiba,
Dar es Salaam