Filamu si picha, tupeni diski

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu liliandika juu ya wataalamu wanaopima picha za mapafu kwa kompyuta ili kukisia mgonjwa wa saratani ataishi muda gani. Barazani kwetu mzee mmoja akasema hiyo ni ramli. Mimi ni fundi wa majahazi hapa Matondoni, sikusomea udaktari, ila jambo hili limenipitia mkononi.

Kaka yangu, nahodha aliyekwisha kutua tanga, alikohoa kusi nzima mpaka kaskazi ikaingia. Akameza dawa za kifua kikuu miezi sita, ingawa makohozi yake hayakuonyesha vijidudu hata mara moja. Ndipo tukavuka Mokowe, tukapanda basi hadi Mombasa, akapigwa picha ya CT, ile eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili kipande kwa kipande. Tukarudi na bahasha ya filamu, zile plastiki zilizochapwa picha, na karatasi ya mistari mitatu: uvimbe, pafu la kulia.

Miezi mitatu baadaye, hospitali nyingine ikataka kujua uvimbe umekua kiasi gani. Daktari akaishika filamu kwenye kioo cha dirisha, akatoa rula ya plastiki, ile ya wanafunzi, akapima kivuli, kisha akapiga hesabu kwa kijistari cha vipimo kilichochapwa pembeni. Nikamuuliza, daktari, picha zenyewe za kompyuta ziko wapi? Tukapiga simu tulikotoka. Zimefutwa, mashine ilijaa.

Sisi huku tunaunda jahazi bila mchoro, kwa jicho tu. Lakini ubao tunaupima wenyewe, hatupimi kivuli chake.

Mpwa wangu anayesomea kazi ya eksirei alinifafanulia. Katika CT kila kinukta kina namba yake: maji ni 0, hewa ni -1,000. Kipimo hicho kina jina la Hounsfield, Mwingereza ambaye mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza mwaka 1971, na ambaye mwaka 1979 aligawana tuzo ya Nobel na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Filamu huonyesha sehemu tu ya namba hizo, kwa rangi ya kijivu. Nyingine zote huwa weusi mtupu au weupe mtupu. Kompyuta ikipewa namba zenyewe hupima ujazo wa uvimbe, umbo lake, na jinsi ulivyochanganyika ndani. Mwaka 2014 wataalamu wa Uholanzi na Marekani walichapisha kazi ya vipimo 440 vya namna hiyo, vilivyotolewa kwenye picha za CT za wagonjwa 1,019 wa saratani ya mapafu na ya kichwa na shingo. Baadhi ya vipimo vilikwenda sambamba na muda wa kuishi. Mwaka 2019 wengine wakaikagua fomula iliyoundwa kwa vipimo hivyo, wakakuta nguvu yake kubwa ilitoka kwenye ukubwa wa uvimbe tu. Hapo nilicheka. Hata hivyo ukubwa nao unataka kupimwa sawasawa, na sisi hata huo tuliupima kwa rula.

Kwa hiyo kazi hii ya kompyuta si ramli. Haisemi mtu atakufa siku gani, hiyo anaijua Mola. Inachofanya ni kutenganisha walio hatarini zaidi na walio nafuu, ili daktari ajue nani asisubiri.

Ombi langu ni dogo. Hospitali zinazotutoza pesa za CT zimpe kila mgonjwa diski yenye picha kamili, siyo filamu peke yake, na zisizifute kabla matibabu hayajakwisha. Waandike pia unene wa vipande ambavyo mashine imeupiga mwili: kipande cha milimita 5 na cha milimita 1 havitoi namba sawa, na anayelinganisha bila kujua hilo atadhani ugonjwa umebadilika, kumbe kilichobadilika ni kipimo.

Kaka alipigwa CT nyingine, tukalipa upya, na safari hii diski nimeidai dirishani hadi wakanipa. Bahasha ya kwanza iko juu ya kabati. Filamu zimegandana kwa unyevu wa bahari. Ukizibandua, rangi inabaki vidoleni.

Fundi wa majahazi,
Matondoni, Lamu