Kabla ya kusema kiatu ni feki

Mhariri,

Siku hizi neno "feki" limekuwa jibu la kila kasoro ya kiatu. Soli ikimomonyoka, feki. Soli ikibanduka wiki moja baada ya kubandikwa, fundi katumia gundi feki. Namba ikibana, namba zenyewe feki. Viatu feki vipo na ni vingi, lakini kasoro nyingi zinazofika kwenye meza ya fundi zina chanzo kingine, na asiyekijua chanzo hicho hulipa mara mbili.

Nianze na soli inayomomonyoka, maana hiyo ndiyo inayowauma watu zaidi. Mtu ananunua viatu vizuri, anavivaa kwenye harusi moja au mbili, kisha anavihifadhi kwenye boksi juu ya kabati. Baada ya miaka kadhaa anavitoa, na hafiki kituo cha daladala kabla soli haijamwagika vipande vipande. Soli ya namna hiyo kwa kawaida ni ya poliuretani, povu jepesi linalopendwa na viwanda kwa sababu ni laini mguuni. Adui yake ni unyevu. Mvuke wa maji ulio hewani hupenya kwenye povu na kuikata kidogo kidogo minyororo ya kemikali inayolishikilia, kiatu kivaliwe kisivaliwe. Joto huharakisha kazi hiyo, ndiyo maana kiatu kilekile hudumu zaidi Njombe kuliko Tanga au Zanzibar.

Kukifunga kwenye mfuko wa plastiki si kukitunza, ni kuufungia unyevu humo humo ndani. Kiatu cha aina hii kinataka mahali pakavu penye hewa, mbali na jua, na kivaliwe mara kwa mara. Kiatu cha poliuretani kinachosubiri sherehe hufa kikisubiri.

Anayenunua mtumba, iwe Karume au Gikomba, akumbuke kwamba umri wa soli unahesabiwa tangu kiwandani, si tangu robota lilipofunguliwa. Raba nyingi za michezo zina kitambaa kidogo nyuma ya ulimi kilichochapwa mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kisome. Kama hakipo, kunja kiatu kwa nguvu mahali vidole vinapokunjia, kisha tazama ubavu wa soli: nyufa nyembamba kama nywele ni dalili mbaya. Bonyeza kwa ukucha karibu na kisigino. Povu zima hurudi. Lililooza huacha alama, hunata au hutoa unga. Kiatu kikionyesha hayo, kiache hata kama ngozi ya juu inang'aa, labda muuzaji akubali bei itakayokuachia pesa ya soli mpya. Maana soli iliyooza haibandikwi. Gundi itashika unga, na unga haujashikamana na kitu. Fundi mwaminifu atakwambia waziwazi kwamba inabidi povu lote likwanguliwe hadi kwenye ngozi, kisha iwekwe soli nyingine ya mpira.

Soli nzima iliyoachia tu ni habari nyingine, na hapo fundi anaweza kweli kulaumiwa, au mteja mwenye haraka. Kazi inayodumu huenda hivi. Gundi ya zamani inaondolewa yote. Pande zote mbili zinapigwa msasa mkavu mpaka ule mng'ao upotee, vumbi linafutwa, kisha gundi inapakwa nyembamba upande wa soli na upande wa kiatu. Kitambaa na ngozi hunywa gundi, kwa hiyo hupakwa mara ya pili. Halafu ni kusubiri dakika 10 hadi 15, mpaka ukigusa kwa kidole gundi isifuate kidole. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia: mteja amesimama, anaangalia saa, fundi anabandika gundi ingali mbichi. Kimiminika kilichotakiwa kupotelea hewani kinabaki katikati, na soli inaachia kuanzia puani mwa kiatu. Ikishakauka inavyotakiwa, soli inawekwa kuanzia mbele kwenda kisigino, kwa uangalifu, kwa sababu zikigusana haisogezwi tena. Kinachofuata ni nyundo. Uzito wa kugonga una faida kuliko muda wa kukandamiza. Kiatu kilale hadi kesho yake bila kuvaliwa.

Wakati wa masika ongeza subira. Gundi inapokauka hupoa, na hewa yenye unyevu huacha utando wa maji juu yake ambao jicho halioni. Kuipasha joto kidogo kabla ya kubandika kunasaidia, lakini si kwa jiko la mkaa: mvuke wa gundi ile hushika moto.

Gundi ya papo kwa papo, ile ya kichupa kidogo, haifai kwa soli. Ikikauka inakuwa ngumu na kavu, na kiatu hukunjwa kila hatua, basi inapasuka. Mbaya zaidi, inaacha gamba ambalo fundi atakesha akilikwangua.

Ukiongeza mshono, mwambie fundi achimbe mfereji mdogo kwenye soli ili uzi uzame. Uzi uliobaki juu husagwa na lami. Na usidhani mishono iliyobanana sana ndiyo imara. Matundu yakikaribiana mno ngozi inakatika kwa kufuata mstari. Milimita 6 au 7 kati ya tundu na tundu zinatosha.

Kuhusu namba: namba ya Ulaya hupima kalibu, yaani umbo la mfano wa mguu ambalo kiatu hutengenezewa juu yake, si mguu wako. Kila namba ni theluthi mbili ya sentimita, kwa hiyo 42 ni kalibu ya sentimita 28. Namba ya Kiingereza hupanda kwa theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8.5. Hatua zenyewe hazilingani, ndiyo maana jedwali za kubadilishia hupishana kati ya kampuni na kampuni. Kwenye raba tafuta namba iliyoandikwa kwa sentimita, kama 26.5, hiyo inakusudia urefu wa mguu. Pima mguu wako jioni, ukiwa umesimama, kisigino kikigusa ukuta, miguu yote miwili, kisha fuata ule mrefu.

Kamba zinazofunguka nazo zina siri yake, na inafurahisha kuijaribu. Mwaka 2017 wahandisi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba kishindo cha mguu chini hulegeza fundo, na ncha za kamba zinazorushwa huku na huku huivuta kamba hadi fundo lifunguke. Fundo lililo sawa hustahimili zaidi. Tazama kiatu chako: vitanzi vikilala kwa upana wa kiatu, umefunga vizuri. Vikielekea kidoleni na kisigino, umefunga fundo dhaifu. Dawa yake ni kugeuza hatua ya kwanza tu. Kama huwa unapitisha kamba ya kulia juu ya ya kushoto, anza na ya kushoto juu ya ya kulia, mengine endelea kama kawaida. Mfundishe hivyo mtoto anayegombezwa kila siku kwa kamba zake.

Ombi langu kwa gazeti lako, Mhariri, ni hili. Shule zinapokaribia kufunguliwa Januari, matangazo ya viatu vya wanafunzi yataje sentimita za urefu wa ndani wa kiatu pamoja na namba. Mzazi aliyeko kijijini, anayemwagiza ndugu yake mjini, anaweza kukata kijiti cha urefu wa mguu wa mtoto na kukipima kwa rula. Aongeze sentimita moja, au moja na nusu kwa mtoto anayekua haraka. Akizidisha hapo, kisigino kitapwaya, mtoto atakanyaga ukingo wa nyuma, na kiatu kitavunjika mgongo kabla mguu haujakifikia.

Fundi viatu,
Ilala, Dar es Salaam