Visima vya Tabora vipimwe kiangazi, na taarifa zake zibaki kijijini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa sisi wa Tabora limefunikwa na furaha ya maji ya Ziwa Victoria. Bomba lile limetuondolea adha kubwa hapa mjini, na Nzega na Igunga pia, lakini vijiji vingi vilivyo mbali nalo bado vinategemea visima, na visima hivyo vinakabidhiwa bila mtu kujua kwa hakika mwamba ulioko chini una maji kiasi gani.

Sehemu kubwa ya mkoa wetu imekaa juu ya mwamba mgumu wa kale uitwao granaiti. Granaiti isiyo na nyufa haihifadhi maji. Maji hukaa katika tabaka la juu lililooza na kulainika, na katika nyufa zilizo chini yake. Ndiyo maana visima viwili vya jirani huweza kutofautiana kabisa, kimoja kikatoa maji mwaka mzima na kingine kikatoa vumbi. Vipimo vya kupitisha umeme ardhini kutafuta tabaka lenye maji, vinavyofanywa kabla ya kuchimba, vinasaidia, ila udongo wa mfinyanzi nao hupitisha umeme kwa urahisi kama tabaka lenye maji, hivyo mpimaji asiye makini anaweza kupigilia kigingi cha mahali pa kuchimba mbugani, juu ya udongo mtupu wa mfinyanzi.

Kinachonikera zaidi ni kinachofuata. Mashine ikishafika kwenye maji, kompresa inapuliza hewa kisimani, maji yanaruka, akina mama wanapiga vigelegele, na fundi anakinga ndoo ya lita 20 huku akitazama saa ya simu yake. Ikijaa kwa sekunde 24, anaandika lita 3,000 kwa saa, basi, kazi imekwisha. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka lita 25 kwa mtu kwa siku, na kituo kimoja cha kuchotea maji kihudumie watu 250, yaani lita 6,250, ambazo kisima hicho kingezitoa kwa saa mbili na dakika chache. Kwenye karatasi kinatosha na kusaza. Ikifika Septemba pampu inavuta hewa, na kamati ya maji ndiyo inayolaumiwa kwamba imeiharibu.

Ndoo ile imepima maji yaliyotoka siku hiyo, haikupima mwamba. Ufa unaweza kutoa maji mengi kwa saa kadhaa kisha ukakauka, kama haukuungana na tabaka lililooza lenye akiba ya kuujaza. Ili kulijua hilo, pampu inapaswa kuendeshwa kwa kiwango kimoja kwa muda mrefu, saa 24 ikiwezekana, huku kina cha maji kikipimwa kwa utepe kila dakika mwanzoni na kwa vipindi virefu zaidi baadaye. Na pampu ikizimwa, fundi asikunje utepe wake, bali aendelee kupima jinsi maji yanavyopanda kurudi yalipokuwa. Theis, mtaalamu wa maji ya ardhini wa Marekani, alionyesha mwaka 1935 namna ya kupata uwezo wa mwamba kupitisha maji kutokana na vipimo vya aina hiyo, na wataalamu wenzake Cooper na Jacob wakairahisisha hesabu mwaka 1946, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema tunadai teknolojia mpya. Uwezo wa mwamba kuhifadhi maji ni suala gumu zaidi, kwa kuwa unahitaji kisima cha pili cha kupimia kando ya kile kinachovutwa. Hapo visima vya zamani vilivyotelekezwa, ambavyo tumezoea kuvijaza mawe, vingefaa sana.

Msimu nao una maana. Mvua zetu hunyesha kati ya Novemba na Aprili, na kisima kilichopimwa mwishoni mwa masika kitasifiwa kuliko kinavyostahili. Kipimwe Septemba au Oktoba, na sampuli ya maabara ichukuliwe mwishoni mwa jaribio hilo hilo, ipimwe na floraidi, madini ambayo yakizidi huharibu meno.

Nitaambiwa gharama. Ni kweli, mafuta ya jenereta na posho za mafundi usiku kucha si bure, lakini malipo ya jaribio yakitengwa na malipo ya mita zilizochimbwa, mkandarasi hatakuwa na sababu ya kuharakisha kuondoka.

Jambo la mwisho ni kumbukumbu, kwa kuwa maji ya mkoa wetu yako chini ya ofisi mbili tofauti. Maji ya Igunga na Nzega huelekea bonde la Wembere, chini ya Bodi ya Maji Bonde la Kati yenye ofisi yake Singida. Ya magharibi huelekea mito ya Ugalla na Malagarasi, chini ya Bonde la Ziwa Tanganyika, lenye ofisi Kigoma. Mwenyekiti wa kijiji anayetaka kujua kwa nini kisima cha jirani kilikauka aanzie wapi? Nashauri nakala ya taarifa ya kila kisima, hata kile kikavu, ibaki ofisi ya kijiji na nyingine kwa meneja wa wilaya wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, na madiwani wetu wasipitishe malipo ya mwisho kabla ya kuiona.

Fundi mstaafu wa maji,
Isevya, Tabora